Mwaka Nilipoacha Kuwapanga Watu

Mwezi uliopita tulikutana mtaa wa Tena, nyumbani kwa dada mmoja wa enzi zetu, watu wenye magoti yanayolia kila tukiinuka kuongeza chapati. Simiyu alikuwepo, mvi zimemjaa kidevuni, na sauti ni ile ile. Wajukuu wa nyumba hiyo walikuwa wakimpiga picha kwa simu, moja juu ya nyingine, hata hawatazami walichopiga. Mmoja akanigeukia: "Shosho, ni ukweli wewe ndiye ulimpiga picha ya kwanza?" Nikamwambia si ya kwanza. Ya kwanza alipigwa akiwa mtoto, amekalishwa kwenye stuli, analia. Mimi nilimpiga ya kweli. Kijana akacheka akidhani natania. Mimi kuhusu kazi sitanii. Nikarudi nyumbani Komarock nikaona afadhali niuandike mwaka ule mwenyewe, kabla hawajauandika hawa wa simu.

Shule niliacha darasa la nne na sikurudi kuitafuta. Nyumba ninayokaa ni ya mawe, nimeijenga kwa kidole kimoja, hiki cha kulia kinachobonyeza kamera. Kwa hiyo asinisomee mtu akitafuta maneno makubwa. Miaka ya tisini ilikuwa katikati, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimepanga kijumba cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba ya mjane mmoja Kaloleni. Nilikuwa na kamera niliyonunua ikiwa imeshatumika na watu wawili kabla yangu. Mkanda wake ulikuwa umekatika, nikaushona kwa uzi wa kushonea viatu. Mwanamke kupiga picha wakati ule ilikuwa kichekesho. Kila asubuhi nikienda mferejini, akina mama waliinua vichwa kutoka kwenye ndoo zao. "Huyu anatembea na jicho la tatu," mmoja akasema siku moja, kwa sauti ya kunisikizisha, "na bado haoni mume." Nami nikamjibu huku nachota: "Mume nitamwona siku atakaposimama wima asitingishike." Walicheka mpaka maji yakamwagika. Jumapili yake yule yule aliyenitania alinijia na watoto wake wote wamepakwa mafuta, wanang'aa kama sufuria mpya.

Maana kazi ya picha wakati ule ilikuwa kazi ya kupanga watu. Baba anakaa. Mama anasimama ubavuni, mkono begani mwa baba. Watoto kuanzia mrefu mpaka mfupi. Kama kuna redio ya kaseti, inaletwa mbele, na kitambaa chake juu. Vifungo vyote vinafungwa mpaka shingoni, na anayecheka nilimngoja amalize. Filamu haikuwa kitu cha kuchezea, kila ukibonyeza umebonyeza ugali wako. Picha ikitoka mtu amegeuza shingo, mwenyewe anaikataa mlangoni: "Hapa natazama wapi? Kwani kulikuwa na nyoka?" Basi nilijifunza kuwagandisha. Niligandisha maharusi, wabatizwa, wafiwa waliojipanga pembeni mwa jeneza, askari wa baraza la jiji na mbwa wake. Nilijiona bingwa, na nilikuwa bingwa. Nilichokuwa sijajua ni kwamba kuna kitu kinachofika tu pale mtu anaposahau kwamba upo.

Jumapili alasiri, baada ya makanisa kuutumia, ukumbi wa Kaloleni ulikuwa wa vijana. Walikuja kutoka Makongeni, Jericho, Umoja, wamevaa suruali ambazo mtu angeingia na jirani yake. Mimi nilifuata biashara, maana wale walipenda kupigwa picha kuliko maharusi: kofia kando, vidole vimekunjwa, nyuso zimekasirika bila sababu. Ndani kulikuwa na joto la miili, harufu ya sambusa na rangi ya viatu, na redio kubwa iliyofungwa kwa waya kwenye spika za kanisa lililotusahaulia vyombo. Hip hop ndiyo ilikuwa imetuingia. Kijana anapanda jukwaani, kanda inawekwa upande wenye mdundo mtupu, anaanza kuongea Kiingereza cha puani kama aliyezaliwa Marekani, na mama yake anauza sukuma wiki hapo nje. Nilikuwa nikiwatazama kama mtu anayetazama watoto wamevaa viatu vya baba yao. Vinapendeza, lakini vinaburuzika.

Siku hiyo akapanda Simiyu. Nilimjua kama mtoto wa Mzee Wanjala, fundi seremala wa reli, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Simiyu mwenyewe alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akisubiri kazi kama wengine wote. Hakuwa na kofia wala miwani. Alivaa koti kuukuu la baba yake lililokosa kifungo. Kanda ikawekwa, ikalia kidogo, kisha ikatafunwa na redio, ikabaki inakoroma. Ukumbi ukalipuka.

"Shuka, msee! Shuka ukanywe uji!"

"Rudisha koti ya buda!"

Hakushuka. Alingoja kelele zichoke zenyewe. Waya wa maikrofoni ulikuwa mfupi, akaiacha hapo sakafuni, akabaki na kile chuma kirefu cha kuishikilia, akakishika kama fimbo. Halafu akaanza kutembea. Kutoka ukuta huu mpaka ule, hatua ndefu, kichwa nyuma, mkono mmoja umekunjwa mgongoni, na kila akifika ukutani anageuka ghafla kama aliyeitwa. Na maneno yakaanza, bila mdundo, kwa lugha yetu ile ile ya mferejini, ya dukani, ya kutukanana kwa upendo. Sikuwa nimewahi kuisikia imesimama juu ya jukwaa.

"Hawakumuuliza jina, walimuuliza tu kazi,
Leo amelala kimya, na mlango wa keja u wazi.
Nani atamwita chai, nani atabisha hodi?
Kiatu chake kiko kwa mlango, na landlord anataka kodi."

Kila mtu ukumbini alijua anamsema nani. Wiki hiyo Barasa, kibarua wa kiwanda kimoja cha Industrial Area, jirani yetu wa Kaloleni, alikuwa amekufa ghafla, na mwili wake ulikuwa ukingoja kusafirishwa Bungoma. Wale waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Sikusema simama hapa, sikusema funga kifungo. Kidole kilienda chenyewe, mara moja, mara ya pili, nikala filamu ya mteja wa kesho na wala sikujali.

Mzee Wanjala alitokea mlangoni, kitabu cha nyimbo kwapani, nadhani alikuwa akimtafuta kijana aende kumsaidia jambo. Alimwona mwanawe akitembea vile na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeona moto.

"Nani amekufa?"

Wachache wakacheka. Akaingia mpaka katikati.

"Nauliza, nani amekufa hapa?"

"Mzee, ni shoo tu," kijana mmoja akamjibu.

"Papa," Simiyu akasema kutoka juu, akihema, "Barasa amekufa."

"Barasa ana watu wake. Shuka."

Akashuka. Mzee akamshika mkono wa koti, wakatoka, na ukumbi mzima ukabaki unatazama kile chuma kilichoachwa kimelala jukwaani.

Sasa, Mama Simiyu alikuwa ameniagiza siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, nikawapige picha ya familia. Mtu mwingine angeahirisha. Mimi kazi ni kazi, nikaenda. Chumba chao nakikumbuka kuliko changu: viti vya mbao alivyovitengeneza mzee mwenyewe, vitambaa vyeupe vya kufuma kila mahali mpaka juu ya saa, kalenda ya duka la nafaka, pazia la maua linalokata chumba mara mbili. Mama akanipa chai kwenye kikombe cha bati na njugu za kukaanga katika sahani, akakaa karibu nami huku mkono wake ukikunja na kukunjua ncha ya leso. Nyuma ya pazia baba na mwana walikuwa wakizungumza, na pazia halizuii kitu.

"Umefundishwa na nani kutembea hivyo?"

"Hakuna mtu, papa. Miguu ilienda tu."

"Miguu haiendi tu. Kwetu mtu mzima akifa, akishazikwa, watu wanakaa pande mbili, na mmoja anatembea katikati na fimbo, anasema. Hiyo ni kumuse. Si kila mdomo unaruhusiwa, iko na ukoo wake. Kuka wako, baba yangu mimi, alikuwa anaitwa kutoka mbali kwenda kuwasemea wafu. Nimeona kwa macho yangu watu waliotaka kuchinjana wakikaa chini na kulia pamoja. Na hakuna aliyethubutu kumkatiza njia. Sasa wewe unatembea vile mbele ya wasichana wenye sambusa mkononi, na hakuna maiti! Maneno ya namna hiyo yakikosa maiti yanaenda kuitafuta."

"Mimi sikujua."

"Ndiyo nasema. Gari la Barasa likienda Jumamosi, unaenda nalo. Utakaa Kimilili kwa baba yako mdogo, uchunge ng'ombe, mpaka hiyo miguu itulie."

"Na mdomo?"

"Mdomo utafuata miguu."

Mama Simiyu akaninong'oneza: "Akienda huko, mwanangu, hatarudi yule yule. Huyu mtoto asiposema, anaumwa. Tangu mdogo." Kisha akajifuta uso kwa leso, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njooni, mpiga picha anangoja." Nikawapanga. Baba kwenye kiti, mama begani, Simiyu nyuma na vifungo vimefungwa. Walitoka vizuri sana, kama mbao tatu.

Katikati ya wiki nilienda mjini kuchukua picha zilizosafishwa. Kawaida nilikuwa nazikagua hapo hapo kwenye kaunta, macho wazi, miguu imo, basi, naondoka. Siku hiyo nilifika kwenye ile ya ukumbini na nikatoka nje nikasimama kando ya barabara, watu wananigonga mabega. Mguu mmoja wa Simiyu haukugusa sakafu. Koti lilikuwa limepeperuka upande, pale palipokosa kifungo pamefunguka kama mdomo. Msichana wa safu ya mbele alikuwa ameshika kipande cha sambusa karibu na meno yake na amesahau kukiuma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitazama. Kwa sheria zangu zote ilikuwa picha mbovu, mteja yeyote angenirushia usoni. Na mimi, niliyekuwa nimegandisha nusu ya Kaloleni, sikuweza kuiacha. Nimezeeka sasa, nimeitwa kwenye mikutano ya wasomi wanaoeleza picha kwa saa nzima, nami nakaa kimya nikila keki yao. Nilichokijua siku ile sijawahi kuongezewa. Nilijua kwamba mtaa wetu huu wa omena, mabati na maji ya foleni ulikuwa na kitu kikubwa kikitembea ndani yake mchana kweupe, na kwamba nilikuwa nimekipata kwenye karatasi.

Ijumaa jioni nikazipeleka. Walikuwa mezani, ugali wa wimbi na mrenda, na karibu na mlango kulikuwa na mfuko uliofungwa kwa kamba. Simiyu hakuinua macho. Mzee akaipokea ile ya familia, akaishika mbali kidogo kama wafanyavyo wenye macho mazee, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikampa ya pili. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Nani alimpanga hivi?"

"Hakuna, mzee."

"Msichana, usinidanganye. Wewe unapanga watu. Kila nyumba hapa umeipanga. Huu mkono nyuma, hiki kichwa, ulimwambia wewe."

"Mzee," nikasema, "ningempanga mimi, kifungo kisingekosekana. Na ningengoja mguu urudi chini."

Akapatazama tena pale palipokosa kifungo. Halafu akaita, polepole, "Mama Simiyu. Njoo uone mkono huu."

Mama akaja akijipangusa vidole. Aliinama begani mwa mumewe. "Yesu wangu," akasema. "Huyu ni kuka wake. Huyu ni yeye kabisa."

"Na huyu mtoto hajawahi kumwona. Alikufa kabla." Mzee akaiweka picha juu ya meza, mbali na mrenda. "Mimi nilikuja huku kupiga misumari. Nikajua imeisha kwetu. Nikasema, sawa, iishe." Nje mtoto wa jirani alikuwa akiburuta kopo kwa kamba. Nilidhani ndipo atasema kijana abaki, hata mama alidhani hivyo, nilimwona akivuta pumzi. Lakini mzee akasema, "Safari iko pale pale. Ila kesho, kabla hatujampakia Barasa, utayasema yale maneno mbele yake. Yaliyosemwa bila maiti, yaletwe kwa maiti. Yaishie hapo."

Jumamosi asubuhi jeneza liliwekwa juu ya stuli katika uwanja ulio kati ya nyumba, basi la kukodi limeegeshwa kando ya barabara, mizigo imeshapandishwa. Mjane wa Barasa, Nafula, alikuwa ameketi juu ya mkeka, anatazama mikono yake. Mzee Wanjala akawapanga watu, safari hii yeye ndiye mpangaji: wazee upande huu, akina mama upande ule, katikati njia tupu kutoka kwenye jeneza mpaka kwenye mti wa mwisho. Akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Hii si kumuse. Kumuse ina wenyewe na ina mahali pake, msinipelekee maneno nyumbani. Hii ni ya hapa. Lakini asikatize mtu njia."

Basi mimi nikajikuta taabuni. Kumpata uso lazima ningekuwa mbele yake, na mbele yake palikuwa pamefungwa. Zamani ningekatiza, mpiga picha hana aibu. Nilienda nikapiga magoti kule mwisho kabisa wa njia, nje ya hatua yake ya mwisho, nikangoja aje kwangu.

"Wewe wa kamera," mzee mmoja akaniita, "si umpange basi, tunachelewa!"

"Leo hapangwi mtu," nikamjibu.

Simiyu alianza karibu na jeneza, kwa sauti ndogo. Hakuwa na chuma, hakuwa na fimbo, mikono yake haikujua pa kukaa. Alisema yale ya ukumbini na yakatoka makavu. Nikamwona baba yake akitazama chini. Kisha Simiyu akaacha mistari yake. Akasema jinsi Barasa alivyopiga mluzi kila alfajiri akienda kutafuta kazi, na jinsi mluzi ulivyojibu kabla hujauliza: ukirudi mapema, kazi haikupatikana. Akasema Barasa alijua majina ya watoto wote wa mtaa, na kule getini kwa kiwanda walimwita "wewe". Miguu ikaanza. Mkono ukaenda mgongoni wenyewe. Vina vikarudi, lakini sasa vilikuwa vinatoka mahali pengine, "wewe" ikagongana na "mwenyewe", "geti" ikagongana na "keti", na kila akigeuka watu waligeuka naye. Bibi kizee mmoja akauliza kwa nguvu, "Anasema nini? Hicho ni Kiswahili cha wapi?" na mjukuu wake akamnong'oneza, na yule bibi akaanza kuitikia, mmm, mmm, kama anavyoitikia kwao. Simiyu akaja kuelekea kwangu, mkubwa, akijaza kioo chote, nyuma yake jeneza, wazee, akina mama, kuta za mawe za Kaloleni, nami nikabonyeza nikiwa nalia na sikutingishika.

Alifika karibu na mkeka akasita, akamtazama Nafula kana kwamba anaomba ruhusa ya kunyamaza. Nafula akainua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Sema jina lake tena," akasema.

Akalisema. Majina yote matatu, polepole, na wazee wakasimama.

Walipolipakia jeneza, Simiyu hakungoja kusukumwa. Aliwapa vijana wenzake mkono, akamkumbatia mama yake, akaelekea kwenye mlango wa basi na wafiwa wengine. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, ndipo Mzee Wanjala akamshika kola ya koti.

"Unaenda wapi?"

"Ushago, papa, kwa baba mdogo. Si ulisema."

"Nilisema." Mzee hakumwachilia kola. Alikuwa akitazama juu, kwenye paa la basi, si kwa mwanawe. "Huko wako na watu wa kuwasemea. Sisi huku tukifa, nani atatusema?"

Akamwachilia, akakanyaga gurudumu, akapanda ngazi ya nyuma ya basi yeye mwenyewe na suruali yake ya kanisani, akafungua kamba za mizigo huku dereva akipiga honi, mpaka akaupata mfuko wa Simiyu na kuutupa chini. Kijana akaudaka kifuani akabaki ameukumbatia, hajui aseme nini, yeye wa maneno yote hayo.

"Basi kama unakaa," mama yake akasema, akimpokonya ule mfuko, "nenda mferejini, wageni wamemaliza maji yote."